Mazishi ya Mwana wa Ukungu

Ogari wa kidato cha tatu alikuwa na msiba mmoja mkubwa maishani: hakuwahi kufiwa. Babake alikuwa mzima wa afya, akilima chai karibu na Keumbu, na hakunywa kitu kikali kuliko uji. Mamake aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya Wasabato na hakuwahi kurushiwa sufuria. Nyanya zake wote wawili walikuwa hai na wananenepa. Hata ng'ombe wao, ambaye angalau angekufa kwa heshima ya fasihi, alikuwa akizaa kila mwaka bila aibu.

Kwa kijana mwingine hizo ni baraka. Kwa Ogari, msomaji mkubwa kuliko wote katika shule yao ya bweni juu ya kilima upande wa Nyamira, zilikuwa pigo. Alikuwa amesoma maisha ya waandishi, yale yanayochapwa nyuma ya vitabu na yale ya magazeti makuukuu ya kufungia mandazi, akatunga sheria: mwandishi hapimwi kwa alivyoandika, hupimwa kwa alivyokufa. Aliyefia gerezani alimpa alama zote. Aliyefia ugenini bila nauli alishika nafasi ya pili. Aliyekufa kitandani, ana pensheni na wajukuu wanampepea, huyo Ogari alimtilia shaka, akavirudia vitabu vyake kutafuta makosa.

"Riwaya," alizoea kumwambia Masese, aliyelala kitanda cha juu yake, "ni nyumba unayoingia bila hodi, unakuta watu wanagombana, na hakuna anayekufukuza. Shairi ni mgeni asiyekubali kuketi. Anasema neno moja mlangoni, anaondoka, wewe unabaki umeshika kiti."

"Na ratiba ya chakula?" Masese aliuliza.

"Hiyo ni tanzia."

Muhula wa kwanza alijaribu njaa, kwa kuwa alisoma mahali kwamba njaa hunoa lugha. Alisusia githeri, yale mahindi na maharagwe ya kila siku, siku mbili, akakaa nyuma ya bweni na kalamu, na alipoinuka alikuwa ameandika shairi la neno moja. Neno lenyewe lilikuwa githeri.

"Msee, hili ni la kweli kabisa," Masese alimwambia. "Nimelisoma nikatokwa na mate. Sasa twende tule."

Basi, kwa kuwa mateso yake mwenyewe yalikataa kuja, Ogari aliishi kwa mateso ya wengine. Kila Jumatano baada ya masomo, Jumuiya ya Wasomaji ilikutana katika bwalo la chakula, maana maktaba ilikuwa imejaa magunia ya mahindi. Hapo Ogari alisimama kwenye benchi na kusimulia maisha ya mwandishi mmoja hadi kifo chake. Alijua kusimulia. Aliwaua taratibu, mmoja kila wiki, na wanachama wakaja kwa wingi. Lakini waandishi waliokufa vizuri si wengi kama watu wanavyodhani. Kufikia muhula wa pili alikuwa amewamaliza. Wiki mbili akarudia wa zamani, na wanachama wakaanza kusinzia hadharani.

Jumatano ya tatu, akiwa hana maiti mpya, alitunga mmoja.

Alimwita Mwana wa Ukungu. Alimfanya azaliwe kwenye miinuko ya ng'ambo ya Kebirigo. Alimpa mkono wa kushoto, akampa na baba aliyeuchapa mkono huo kila ulipogusa kalamu. Kwa kukosa karatasi, malenga huyo aliandika beti kwa makaa kwenye ukuta wa kituo cha kununulia chai, watu wakizisoma huku wamepanga foleni na vikapu vyao, na karani wa kituo akizifuta kwa chokaa. Halafu asubuhi moja akafunga sanduku la mbao kwa kamba ya mkonge, akashuka pwani, akabadilisha jina asitafutwe. Alibeba magunia mchana na kuandika jioni. Homa ikamuua katika chumba cha kupanga. Mwenye nyumba akawashia jiko mashairi yake yote. Ubeti mmoja tu ndio uliosalia, Ogari alisema, akaukariri. Alikuwa ameutunga asubuhi hiyo, wakati wa hesabu:

Ukungu umenizaa, ukungu utanizika,
Sina kiti cha kukaa, wala pa kusitirika,
Msiniwashie taa, nikiitwa sitafika,
Jina nimelikataa, na waliolitamka.

Mwalimu Celestine, mlezi wa jumuiya, alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na kitu. Na jikoni, nyuma ya dirisha la kugawia chakula, sufuria ilianguka.

Roselyne, mpishi wa shule, alitoka na mwiko mkononi. Ugali ulikuwa bado umeshika kwenye mwiko.

"Huyo mtu," alisema, "ulisema ni mkono wa kushoto?"

"Ndiyo, Mama Roselyne."

"Na sanduku la kamba ya mkonge. Na kuandika kwa makaa pale kwa kituo cha chai."

"Ndiyo."

"Ni ndugu yangu Obwocha," Roselyne alisema, akakaa chini, mwiko na ugali wake mapajani.

Hapo ndipo Ogari alipokumbuka. Mwaka mzima, kila mchana, alikuwa akisimama mbele ya dirisha lile na sahani yake, na Roselyne akipakua huku akizungumza na mpishi mwenzake juu ya ndugu yake aliyepotea: mkono wa kushoto, makaa, kituo cha chai, sanduku. Ogari hakuwa akisikiliza. Sikio lake ndilo lililosikiliza, likaweka akiba. Alidhani ni kipaji. Kumbe ilikuwa foleni ya ugali.

Alifungua mdomo aseme. Na kweli angesema, kama Mwalimu Celestine hangemwahi.

"Ogari! Umefanya utafiti peke yako, hata mimi hukuniambia? Malenga kutoka hapa hapa kwetu! Tamasha la kaunti utaenda wewe. Nimemaliza."

Wanachama walipiga makofi. Ogari alifunga mdomo. Kuna kofi la uso na kuna kofi la mkono, na la mkono ndilo linaloharibu watoto.

Jumapili ya wageni, wazazi walipojaa uwanjani na vikapu vya chapati, Roselyne alimjia Ogari na watu wawili. Mmoja alikuwa kaka yake mkubwa, Angwenyi, mtu mpana mwenye kofia ya ngozi. Mwingine alikuwa mama yao, Persis, mdogo, mkavu, amefunga kitambaa cheupe cha kanisani. Alikuwa amebeba kuku wa kuchemsha na ndizi za kuiva, vya Ogari. Waliketi kwenye nyasi kando ya uwanja wa voliboli na kuongea Kikisii.

"Magokoro, karibu," Ogari alimwambia, kama anavyomwambia nyanya yake.

"Mjukuu wangu," Persis alisema, "sikuja kukusumbua. Niambie tu alivyokufa."

Kabla Ogari hajajibu, Angwenyi alimweleza jambo, kwa sauti ya mtu anayetangaza kanisani, ili asije akasema hakujua. Mtu wa kwao akipotea, alisema, hazikwi hadi ije habari ya kifo chake. Habari ikija bila mwili, shina la mgomba hukatwa likazikwa kwa niaba yake. Lakini kabla ya habari hakuna kaburi, na kabla ya kaburi sehemu yake ya shamba haigawanywi, na ile nyumba aliyojengewa ujanani haiguswi. "Mama huikandika kila Desemba," Angwenyi alisema. "Kila Desemba. Nyumba isiyo na mtu."

"Ina mtu," Persis alisema. "Ni kwamba hajafika." Kisha akamgeukia Ogari. "Au wewe una lipi la kuniambia?"

Ogari alimtazama, na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Alikuwa amewasimulia wasomaji hamsini kila wiki, wengine wakila mandazi, wengine wakichorana migongoni. Hakuwahi kupata msomaji kama huyu. Mwanamke huyu alisikiliza kwa uso, kwa magoti, kwa vidole. Angeambiwa mvua ilinyesha siku ile, angelowa. Mwandishi gani, Ogari alijiuliza kwa unyenyekevu mkubwa, amewahi kupewa hadhira ya namna hii? Waliofia gerezani hawakuipata.

Akasimulia. Alianza kwa kusitasita, akapata moto. Akaitaja barabara kwa jina, akaongeza dirisha dogo lenye kioo kilichopasuka. Akaongeza jirani aliyeleta maji. Persis hakulia. Alishika tu ncha ya kitambaa chake.

"Alinitaja?" aliuliza mwishoni.

Ogari alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, na neno hilo lingemgharimu pumzi moja. Lakini alikuwa mtu wa kanuni. Vitabu vyote vibovu alivyosoma vilimalizika kwa mtu kumtaja mamake kabla ya kukata roho. Mwisho mzuri, aliamini, haumbembelezi mtu.

"Hapana, Magokoro," alisema. "Hakumtaja mtu yeyote. Aligeukia ukuta."

Persis aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo akaupima uzito. Akampakulia paja la kuku.

Wakiondoka, Angwenyi alibaki nyuma kidogo. Alimshika Ogari bega.

"Wewe kijana una mdomo," alisema. "Pwani umewahi kufika?"

"Hapana, Mzee."

"Nilijua. Mimi nimeishi Mombasa miaka minne. Ile barabara uliyotaja haiko." Alitabasamu, meno yote yakionekana. "Lakini usibadilishe hata neno. Sikia? Hiyo sehemu yake ya chai imezeeka ikimngoja mtu ambaye haji. Tutazika likizo fupi ikifika. Utakuja utusomee maisha yake, na hilo shairi."

Bwenini Masese alikuwa akimaliza chapati za watu.

"Kumbe hata neno moja ulimnyima?" alisema aliposimuliwa. "Si ungesema tu alimwita mama yake, buda."

"Mwandishi hambembelezi msomaji."

"Yule si msomaji. Yule ni mama ya mtu."

"Nitasema ukweli. Nitasema siku ya mazishi, mbele ya wote."

"Kwa nini siyo kesho? Roselyne ndiye anakupakulia ugali kila siku."

Ogari alikuwa na majibu mengi kuhusu riwaya, machache kuhusu ugali. Alisema kwamba ukweli nao unahitaji jukwaa. Wiki tatu alisimama kwenye foleni ile ile, na kila mchana Roselyne alimwekea kipande kikubwa kuliko cha mtu mwingine yeyote, na kila mchana alikipokea akasema asante.

Likizo fupi ilifika. Ogari alimwambia babake anaenda mazishini kwa jamaa ya mpishi, na babake, mtu mwema hadi kuudhi, alimpa shati lake jeupe.

Boma la Persis lilikuwa mteremkoni ng'ambo ya Kebirigo, chai juu, migomba chini. Watu walikuwa wengi. Mahema, viti vya kukodi, kipaza sauti, kwaya. Mzee wa kanisa alikuwa amekubali kuomba kwa sharti kwamba anawaombea wafiwa, si mgomba, na alilirudia sharti hilo kila alipopata nafasi. Jeneza lilikuwa wazi kwenye meza. Ndani yake shina la mgomba lilikuwa limelazwa kwenye koti zito la kijivu, vifungo vimefungwa hadi juu.

"Ni la tatu hilo," Roselyne alimnong'oneza Ogari. "La kwanza Mama alilikataa, akasema ni fupi, Obwocha alikuwa mrefu. La pili akasema ni nono. Na koti tumelitafuta soko la Daraja Mbili kutwa nzima. Mama amesema pale chumbani kwa Obwocha kulikuwa na dirisha limepasuka. Asisikie baridi tena."

Dirisha lile Ogari alilitunga akitafuna ndizi.

Kando ya jeneza, hatua chache, ilisimama nyumba ya Obwocha. Ilikuwa ndogo, ya udongo na mabati, na kuta zake zilikuwa laini kuliko za nyumba nyingine yoyote bomani. Mlangoni kulikuwa na ndala mpya za mwanamume, zimeelekezwa ndani. Vijana wawili tayari walikuwa wameegemeza ngazi kwenye paa.

Walipomwita, Ogari alikwenda mbele. Kipaza sauti kilikoroma. Aliwatazama watu, akamtazama Persis aliyeketi mbele kabisa, magoti yameungana, na kwa mara ya kwanza hakutaka kusikilizwa.

"Ndugu zangu," alisema, "huyu Mwana wa Ukungu hayuko. Nilimbuni. Sijui Obwocha alipo. Sijui kama amekufa. Mambo yote niliyosema niliyasikia kwa Roselyne nikiwa kwenye foleni ya chakula, na yale mengine niliyatunga. Naomba msimzike."

Ogari alingoja apigwe. Alitamani sana apigwe.

Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti. "Maskini mtoto," alisema. "Ameshindwa kuvumilia."

"Majonzi," mzee wa kanisa alieleza. "Akili inakataa. Hata Petro alikana."

Angwenyi alikuwa ameshafika. Alichukua kipaza sauti kwa upole na kumkumbatia Ogari kichwa, kwa nguvu, hadi sikio likapondeka kwenye kifua chake. "Mnaona jinsi alivyompenda ndugu yetu?" aliwaambia watu. "Watu wa vitabu wana moyo mwepesi. Kwaya, tusaidieni." Na kwaya ikasaidia. Shairi alilisoma Angwenyi mwenyewe, vibaya, akivunja mizani yote, na hata hivyo watu walilia. Alipofika kwenye *jina nimelikataa, na waliolitamka*, Persis alifumba macho.

Wakafunga jeneza. Wakalishusha. Udongo ulirudishwa haraka, kwa kuwa mvua ya alasiri haingoji mtu huko.

Wageni walipokuwa wakila, Persis alimwita Ogari. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameigeuzia mgongo nyumba ya mwanawe. Juu ya paa vijana walikuwa wameanza kung'oa misumari, na kila msumari ulitoka na mlio.

"Rudia," alisema.

"Magokoro, ulinisikia pale mbele. Ni uongo. Nilitunga."

"Nilikusikia. Mimi si kiziwi kama hao." Alisubiri msumari mmoja umalize kulia. "Kama ulitunga, basi yuko hai?"

"Sijui. Labda."

"Basi yuko hai, na barabara iko, na magari yako, na hajaja. Mwaka baada ya mwaka. Hilo ndilo umeniletea leo, badala ya lile la kwanza?"

Ogari hakuwa amelifikiria. Katika vitabu vyote alivyosoma, ukweli ulipofika mtu alipumua.

"Kwa hiyo chagua, wewe unayejua kusema," Persis alisema. "Nilizaa maiti, au nilizaa mtu asiyenitaka?"

Ogari alizitafuta kanuni zake zote asiione hata moja.

"Amekufa, Magokoro," alisema.

"Vizuri. Rudia."

Akarudia. Chumba, homa, jirani na maji. Alisimulia vibaya, sauti ikimkatika, lakini alipofika mwisho alijua la kufanya, na alifurahi kwamba angalau hilo moja linawezekana.

"Na alikutaja," alisema. "Aligeuka kutoka ukutani, akasema, Mama. Akasema, mwambieni mama yangu nilitaka kurudi. Mara mbili alisema. Nilisahau kukuambia siku ile."

Persis alinyoosha mkono akamfuta shavu kwa ncha ya kitambaa cheupe, bila haraka, kama anavyofutwa mtoto aliyemwagikiwa na uji.

"Siku ile ya kuku ulisema hakumtaja mtu," alisema.

"Nilikosea."

"Siku ile hukuwa ukinihurumia. Leo unanihurumia." Aliukunja ule ukingo uliolowa, akauficha ndani. "Mimi nitabaki na la siku ile."

"Magokoro, tafadhali."

"Nenda ukale."

Bati la kwanza lilikuwa limeachia. Kijana mmoja alilibeba kichwani hadi upenuni kwa Angwenyi, na kwenye lile pengo la paa mwanga uliingia ndani ya nyumba, juu ya kitanda kilichotandikwa. Bati la pili lilikuwa refu, nalo lilining'inia upande mmoja.

"Wewe wa shati jeupe!" Angwenyi aliita kutoka chini ya ngazi, amechangamka, jasho linamtoka. "Wewe malenga! Usisimame bure hapo. Shika huo upande wa chini usije ukakata mtu."

Ogari alimtazama Persis. Persis alikuwa akitazama chai.

Akaenda akaushika.